Sauti Yangu Bado Inauza Dawa ya Panya

Naandika haya nikiwa nyumbani, mtaa wa Kizwite, dirisha liko wazi, na huko barabarani sauti yangu inauza dawa ya panya. "Panya, mende, kunguni, viroboto! Wakionja tu, kwisha habari yao!" Muuzaji anapita na spika yake begani, hanijui wala simjui. Mke wangu, Maurisia, huinuka kulifunga dirisha. Mimi humwashiria aliache. Siku nyingine naisikiliza mpaka ipotelee upande wa stendi, siku nyingine najifunika shuka mpaka kichwani.

Jina langu ni Deogratias, lakini Sumbawanga mjini wananiita Deo Spika. Kwa miaka mingi nilikuwa nauza sauti. Nilianzia kwenye gari la matangazo, nikitangaza mechi, mikutano na misiba. Kompyuta zilipozoeleka nikawa narekodi chumbani, godoro nimeliegemeza ukutani ili mwangwi usiingie. Wenye mitumba walikuja na flashi zao, wenye mbolea, wenye maduka ya simu, hata wapiga debe wa mabasi ya Namanyere waliochoka kupasua koo. Parokia ilinitumia kutangaza sikukuu ya mavuno. Mtu akishika spika mjini hapa na kubonyeza kitufe, kuna uwezekano mkubwa kwamba anayepiga kelele ni mimi.

Namwandikia mtu mmoja nisiyemjua. Leo ameketi kwenye benchi la hospitali, sauti imekuwa ya mikwaruzo tangu msimu uliopita, na bado anajiambia ni vumbi.

Nami nilisema ni vumbi. Ulikuwa wakati wa kupukuchua mahindi, upepo wa kiangazi wa Ufipa unakata masikio, na kila mtu alikuwa anakohoa. Nikanywa tangawizi, nikalamba asali, nikameza vidonge vya dukani. Wateja walisema sauti imekuwa nzito, inafaa zaidi kwa matangazo ya saruji. Tulicheka. Mji wetu jina lake lenyewe linawaambia watu watupe uchawi wao, kwa hiyo hawakukosekana walioninong'oneza kwamba mwenye wivu ameichukua sauti yangu akaifungia kwenye chupa. Maumivu yalipohamia sikioni, na mate yakawa yanapita kwa shida, Maurisia hakuninong'oneza. Alisema, "Baba Oresta, ama unakwenda hospitali kwa miguu yako, ama nakupeleka kwa toroli. Chagua."

Kule hospitali kulikuwa na mashine ya kuita wagonjwa. Sauti ya kike, nyororo, isiyo na haraka. Majina ya Kifipa yalimshinda kabisa dada yule, aliyatamka kama anayetafuna mfupa, na benchi zima likawa linabishana ni nani aliyeitwa. Kwa sababu ya kazi yangu nilikaa nikimkosoa kimoyomoyo: hapa amekosea kupumua, pale amelikata jina katikati. Ilinisaidia nisiogope. Kisha nikagundua kwamba anamwita mtu wa dirisha la dawa na mtu anayekwenda kuambiwa habari mbaya kwa sauti ileile. Hapo nikaacha kumkosoa.

Nikapewa rufaa ya kwenda Mbeya. Barabara ya kwenda huko inapita Mpui, kijijini kwetu, ambako mama yangu anaishi na shemeji yangu Adela, mke wa marehemu mdogo wangu. Basi lilipofika Mpui niliinamisha kichwa kama mtoro, ingawa mama haoni tena, macho yake yalishafunikwa na ukungu. Tulikubaliana nyumbani kwamba asiambiwe. Mdogo wangu alipokufa kwa ajali, habari ilimfikia kwa simu: namba ya mwanawe ikaita, akapokea kwa furaha, akasikia mtu asiyemjua. Tangu siku hiyo presha yake haijatulia. Maurisia alisema, "Tukimwambia sasa tutazika wawili." Adela naye hakuambiwa, kwa sababu siri ikifika kwa Adela imefika sokoni. Wote wawili waliamini kwamba nina kazi ya matangazo mbali.

Mbeya walinipitisha kamera puani, wakakata kinyama wakapime. Daktari hakuzungushazunguka: ni saratani, imekaa kwenye kisanduku cha sauti, bado inaweza kutolewa yote. Kutolewa pamoja na nini, niliuliza. Akagusa koo lake, kisha akaniandikia nirudi siku ambayo madaktari bingwa wangekaa pamoja kuamua.

Sasa sikiliza kosa hili, maana linaweza kukupata na wewe. Karatasi ya miadi tuliisahau kwa Maurisia, ambaye alikuwa amerudi Sumbawanga kuangalia nyumba. Lakini jioni ya kuamkia siku hiyo simu yangu ililia, na sauti ya mashine ikasema kwa adabu, "Mgonjwa mpendwa, unakumbushwa kufika kliniki kesho saa nane kamili." Binti yetu Oresta, anayeishi Mbeya na aliyekuwa akiniuguza kwake, akasema vizuri, tutakunywa chai bila haraka. Tukafika mchana, tumependeza, nimenyoa ndevu kwa heshima ya mabingwa. Korido lilikuwa tupu. Muuguzi akatazama daftari, akatutazama.

"Mlikuwa wapi? Mmeitwa tangu asubuhi."

"Tumeambiwa saa nane," Oresta akasema. "Si ndiyo sasa hivi?"

Muuguzi akaomba asikilize. Kwa bahati nzuri Oresta alikuwa amerekodi ile simu. Akaisikiliza mara mbili, akashika kiuno. Kwenye kompyuta walikuwa wameandika nane kwa saa za Kizungu, na mashine ikaisoma nane hivyohivyo. Waliotengeneza mashine hawakujua kwamba kwetu saa huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na saa nane ni mchana. "Wazee wawili wa kutoka vijijini nao wamekosa leo," muuguzi akasema kwa sauti ndogo. Alitupa pole ya kweli, akaenda kutusemea. Lakini mabingwa walikuwa wameshaondoka, na kikao kingine kilikuwa mpaka mwezi ujao.

Mwezi ule ulikuwa mrefu kuliko ugonjwa wenyewe. Kila asubuhi nilisema "haloo" gizani kabla sijafungua macho, nione kama bado ipo. Ilikuwa inapungua. Mara ikawa ya mlevi, mara mnong'ono, mara filimbi. Mvua za kwanza zilianza, Maurisia akapanda mahindi peke yake, na mimi nilikaa kwa Oresta nikijipapasa shingo kutafuta uvimbe. Nilimchukia yule mwanamke wa mashine kwa moyo wangu wote, mtu ambaye hayupo.

Oresta kazi yake ni hiyohiyo ya sauti, ila ya kisasa. Yuko kwenye kampuni inayowapigia wakulima simu na kuwasomea hali ya hewa, bei za mazao na namna ya kuwaua viwavi. Mkulima anabonyeza moja, anabonyeza mbili, anasikiliza akiwa shambani. Siku moja akaniambia kwamba wenzake wanaweza kuilisha kompyuta sauti ya mtu, kisha mtu huyo akaandika maneno na simu ikayatamka kwa sauti yake.

"Inatakiwa rekodi nyingi, baba. Zilizo safi."

Sauti iliyobaki kooni haikufaa hata kumwita kuku. Lakini flashi zangu zilikuwapo, kikapu kizima, sauti safi ya miaka ya nguvu zangu. Maurisia alizituma kwa basi.

Mabingwa walipokaa waliamua kisanduku cha sauti kiondolewe chote, na baada ya Noeli nikafanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Nitakueleza tu yale ambayo hakuna aliyenieleza. Utaamka na tundu chini ya koo, na utapumua kwa tundu hilo mpaka mwisho. Pua itabaki pambo. Hutanusa mchuzi. Hutaweza kupuliza chai ya moto, wala kupenga kamasi. Ukikohoa, kikohozi kitatokea shingoni, na mara ya kwanza utadhani umepasuka. Utalishwa kwa mrija wa puani, uji mwembamba, na utaota ugali wa ulezi mpaka uamke ukitafuna. Usiku utaogopa kulala, usije ukaliziba tundu kwa shuka. Mimi nilimfunga Maurisia kidole kimoja kwa kamba iliyoshikizwa kwenye shati langu, ili nikikosa hewa nimvute. Hakulala kitandani wiki zile zote, alilala kwenye kanga sakafuni chini ya kitanda changu, na wauguzi wa zamu walijifanya hawamwoni. Mwenyezi Mungu awabariki kwa kutoona kwao.

Baada ya hapo mionzi, masika yote. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi kama chungu, ndevu zikang'oka na hazikurudi. Nilikonda mpaka pete ikawa inadondoka nikinawa. Maurisia na Oresta walianza kugombana juu yangu kana kwamba sipo: ale nini, alale upande gani, tumwambie mama au tusimwambie. Mtu asiye na sauti haamui ugomvi. Nilipiga meza kwa kijiko, wakanyamaza, kisha wakaendelea.

Sauti ya simu ilikuwa tayari tuliporudi Kizwite, mahindi yakiwa yameanza kukauka shambani. Oresta aliniwekea kwenye simu, nikaandika: Maurisia, asante kwa yote. Nikabonyeza.

"Maurisiaaa! Asante kwa yoteee!"

Ilikuwa mimi kabisa. Mimi niliye juu ya gari la matangazo. Mashine ilikuwa imejifunza kutoka kwa dawa ya panya na mitumba ya daraja la kwanza, haikujua namna nyingine ya kuzungumza. Nikiomba maji, naomba kama nayauza. Nilipompa pole jirani aliyefiwa, wanawake walificha nyuso kwa kanga, na wengine hawakuwa wanalia. Duka la dawa waliniuliza kama kuna punguzo. Maurisia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, nami nilimwelewa mara zote mbili.

Kama bado una sauti na daktari ameshataja kisu, jirekodi. Lakini usijirekodi ukihutubia. Jirekodi ukimwuliza mkeo chumvi iko wapi, ukimkemea mbuzi, ukimsalimia mama yako kwa lugha mliyoiongea jikoni. Mimi nilikuwa na rekodi kikapu kizima, na hakuna hata moja niliyoongea Kifipa. Nani angenilipa nitangaze kwa Kifipa? Kifipa kilikuwa cha nyumbani, cha bure.

Na mama haongei simu kwa Kiswahili. Anakijua cha kanisani na cha zahanati, lakini mwanawe akipiga, ni Kifipa tu. Kwa miezi yote ile Maurisia alikuwa akimwambia mtandao unasumbua, au nimetoka kidogo, na kila Jumapili uongo ulikuwa unazidi kuchakaa. Mwishowe mama alisema hapokei simu tena mpaka asikie sauti yangu. Nilimwona Maurisia alivyoishika ile simu. Alikuwa amechoka. Akasema, "Andika kwa Kifipa, hiyo sauti si yako? Itasoma tu."

Nikaandika. Salamu ya heshima, habari za mavuno, nakuja hivi karibuni. Nilisahihisha mara nyingi. Jumapili, baada ya misa ya pili, Maurisia alipiga kwa simu yangu, mama akapokea, nami nikabonyeza simu nyingine, ile yenye sauti.

Mashine ilikisoma Kifipa kama Kiswahili. Iliyaangusha maneno pasipostahili, ikayavuta pasipovutwa, ikayamwagia na kibwagizo cha biashara juu. Kisha mama akasema, kwa Kifipa, polepole, "Wewe Msukuma, umeitoa wapi simu ya mwanangu?"

Lazima nikufafanulie. Mpui kuna ndugu zetu Wasukuma waliohamia na ng'ombe kutoka kaskazini, na wengi wamejifunza Kifipa kwa bidii. Wanakiongea kwa mlio wao, na sisi huwatania. Mama alisikia Kifipa chenye lafudhi ngeni, akaamua ni Msukuma. Maurisia alianza kueleza, akajikwaa, akasema Deo yupo, yupo hapa. "Mpe simu aongee," mama akasema. Maurisia akanitazama. Mimi nikafungua mdomo, hewa ikatoka shingoni. Simu ikakatika, na tulipopiga tena haikupatikana.

Niliwaza tutakwenda kesho tumweleze. Asubuhi, kabla hatujafunga nyumba, simu ya Maurisia ikaita. Alikuwa Masanja, jirani yake mama, Msukuma halisi, ambaye ng'ombe wake ndio wanaomlimia shamba.

"Shemeji, pole sana," akasema, sauti imemkauka. "Sisi huku tumeshawasha moto. Tunauliza tu, mazishi ni hapa Mpui au ni Sumbawanga?"

Mama alikuwa amejumlisha hesabu zake. Mgeni kwenye simu ya mwana. Mkwe anayejikwaa. Alishapita njia hiyo mara moja, hakuhitaji kuelekezwa. Alikaa chini akaanza kulia, Adela akaanza kulia, na kufikia jioni kijiji kilikuwa kimejaa uani.

Tulikodi teksi. Njia nzima niliogopa jambo moja tu: kwamba nitamkuta mama amekufa kwa ajili ya kifo changu. Upepo ulipiga vumbi dirishani, nikafunika tundu kwa kitambaa, Maurisia akasali rozari bila kusikia anachosema.

Wanaume walikuwa wamekaa kuuzunguka moto, makoti mabegani kwa baridi. Nilipotoka garini mmoja aliangusha kikombe. Mwanamke akapiga yowe, si la kulia, la woga. Masanja peke yake ndiye aliyenisogelea, akanishika mkono akaubana kuona kama una nyama.

"Ni wewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mbona huongei?"

Maurisia akamweleza kwa maneno machache, akamchezeshea ile sauti ya simu. Masanja aliisikiliza mpaka mwisho. "Mama amekosea," akasema. "Huyu si Msukuma. Hata sisi hatukiharibu hivi."

Mama alikuwa ndani, kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, wanawake wamemzunguka. Alikuwa amepungua, au nilikuwa nimesahau udogo wake. Adela akapiga kelele, "Mama, Deo huyu hapa! Yuko hai!"

"Msinidanganye," mama akasema. "Kama ni Deo, aongee."

Simu ilikuwa mfukoni. Niliigusa nikaiacha. Ningemwongelesha kwa sauti ileile aliyoidhania ya mwizi? Nilipiga magoti nikamchukua mkono nikauweka usoni pangu. Ukapita kwenye paji, kwenye mashavu yaliyoingia ndani, kwenye kidevu. Ukasimama.

"Huyu hana ndevu," akasema. "Mwanangu ana ndevu." Akataka kuuondoa mkono. Mimi nikaushika. Sikuwa na la kufanya, niliushika tu, na ukateleza chini, ukakuta kitambaa, vidole vikaingia chini yake, na kiganja kikaliziba tundu lote.

Sikupata hewa. Maurisia akaita jina la Yesu. Kisha nikakohoa, kwa nguvu, na makohozi yote yakamwagikia mama mkononi. Alishtuka, akautoa mkono, akaupangusa kwenye kanga. Akaurudisha, taratibu sasa, akauacha mbele ya tundu bila kuliziba.

"Hewa inatokea hapa," akawaambia wanawake, kama anayewaonyesha ufa kwenye ukuta. "Nani amekutoboa?"

Aliweka vidole vya mkono wa pili midomoni pangu. Nikasema neno pekee lililonijia. Neno hilo halihitaji koo, ni midomo kufunga na kufungua, kufunga na kufungua. Nililisema tena, na tena, na kila mara pumzi ilimgonga kiganjani. Nilimwona uso ukibadilika. Hakulia. Aliniita kwa jina la nyumbani ambalo sijawahi kumwambia mtu mjini, na sitaliandika hapa.

Adela alikimbilia mlangoni akawatangazia watu wa nje kwamba hakuna msiba, Deo amefufuka, waende majumbani. Watu wakaanza kuinuka, wengine wanacheka kwa kihoro. Mama akainua kichwa.

"Adela, warudishe. Waambie wakae." Alikuwa bado ameishika shingo yangu. "Sauti ya mwanangu imekufa, na mimi sikuambiwa. Wailie kwanza, ndipo wapewe chakula."

Wakarudi. Mwanzoni waliona haya, hawakujua wanalia nini. Kisha mama mwenyewe akaanzisha, akaitaja sauti ile, jinsi ilivyoita ng'ombe, jinsi ilivyojibu misa, jinsi ilivyomwamsha alfajiri mvua zilipokuja, na wanawake wakaitikia, na huko nje nikamsikia Masanja akilia kama mtu aliyefiwa na ndugu. Tangu Mbeya sikuwa nimelia hata mara moja, nilikuwa na kazi ya kuogopa. Nililia nao mpaka nikachoka, bila mlio wowote, na mama alijua kwa sababu mkono wake ulikuwa palepale.